Miche ya Nyanya na Dumu la Lita 20

Nyumba ninayopanga Upanga, Dar es Salaam, iko ghorofa ya tatu, na jua huingia kwa dirisha moja tu la sebuleni, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, tena likiwa limekwisha kupita katika nondo na wavu wa mbu. Hapo ndipo ilipo bustani yangu yote: nanaa katika kopo la maziwa ya unga, mchicha katika ndoo mbili za rangi nilizozitoboa chini, na miche ya nyanya, ambayo ndiyo iliyonisumbua.

Miche ya kwanza ilirefuka upesi, nami kwa ujinga wangu nikajisifu. Baada ya wiki tatu ilikuwa myembamba kama uzi, imepauka, na yote imeinamia dirishani mfano wa watu wanaochungulia ugomvi wa jirani. Siku nilipoimwagilia kwa kikombe ililala chini na haikuinuka tena. Kuinama kwake hakukunishangaza, kwa kuwa Charles Darwin na mwanawe Francis walikwisha kueleza mwaka 1880 kwamba ncha ya chipukizi ndiyo inayohisi mwanga. Nilichokuwa sikijui, hadi nilipokisoma katika kitabu cha mtumba nilichonunua Posta, ni kwamba mbali na uhaba wa jua, miche ya ndani hukosa pia upepo. Mwaka 1973 mtafiti wa mimea Mordecai Jaffe alionyesha kwamba mimea inayosuguliwa mara kwa mara hupunguza kurefuka na shina lake huwa nene zaidi. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha watafiti Janet Braam na Ronald Davis, walioripoti mwaka 1990 kwamba walikuwa wakinyunyizia mimea ya maabara homoni ili waone ni jeni zipi zitaamka, wakakuta kwamba hata mimea iliyonyunyiziwa maji matupu imeamsha jeni hizo, tena ndani ya nusu saa. Homoni haikuwa na kazi yoyote hapo. Kilichoiamsha mimea ni kule kuguswa.

Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa nikikaa kitini kutwa, na magoti yalikuwa yakilia kila niliposimama. Kwa kuwa maji ya kwetu ni ya mgao, madumu yaliyojaa hayakosekani ndani, na lita 20 ni kilo 20. Basi nikatandika mkeka, nikalikumbatia dumu na kuanza kuchuchumaa nalo. Kesho yake kupanda ngazi kuliwezekana, lakini kushuka nilishuka kwa kushikilia ukuta. Shuleni tulifundishwa kulaumu asidi ya laktiki, kumbe hiyo huondoka mwilini muda mfupi baada ya zoezi, na maumivu ya siku ya pili hutokana zaidi na nyuzi za misuli zilizochubuka wakati msuli ukirefuka huku umebeba mzigo, yaani wakati wa kushuka.

Jioni moja bibi wa ghorofa ya pili aligonga mlango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko juu mnatwanga nini?"

Nilipomweleza alicheka, akasema mazoezi si mabaya, ila dumu nilitue taratibu. Tangu hapo nalitua taratibu, na hilo ndilo linaloumiza kuliko yote.

Sasa kati ya seti moja na nyingine napitisha kiganja juu ya miche mipya, kwenda na kurudi mara kumi, na harufu ya majani ya nyanya hubaki mkononi hadi ninapooga. Miche hii ni mifupi kuliko ile ya kwanza na inasimama yenyewe, ingawa siwezi kudai kwamba ni kazi ya kiganja peke yake, kwa sababu safari hii asubuhi naondoa na wavu, na mbu nimewakoma. Bibi ameomba miwili. Nimemshushia leo, kopo mkono mmoja, ukuta mkono wa pili.