Tulivyolipima dodoso la mkono kwa Kidenmaki

Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi katika kliniki ya mikono hapa Denmaki. Katika mradi wa kulitafsiri na kulipima dodoso la mkono kwa Kidenmaki, kazi yangu ilikuwa kuketi na wagonjwa. Dodoso ni lile la Michigan, Marekani, lililochapishwa mwaka 1998: maswali 37 kuhusu utendaji wa mkono, shughuli za kila siku, kazi, maumivu, mwonekano na kuridhika. Kutafsiri, kulinganisha tafsiri na kuirudisha kwa Kiingereza hakukutuhangaisha sana.

Jasho lilianza nilipompa mgonjwa karatasi na kumwomba aseme anachowaza kila anapotia alama. Swali moja linauliza kama unaweza kuzungusha kitasa cha mlango. Nyumba za huku nyingi zina kitasa cha mpini, unaukandamiza tu, hata kwa kiwiko. Mama mmoja aliyesagika kiungo cha shina la dole gumba alijibu kwamba hapati shida yoyote, na mkono huohuo haufungui kifuniko cha chupa ya jamu. Nikamwambia awazie kitasa cha duara. Akabadilisha jibu papo hapo, nasi tukaliweka wazi swali.

Tena alama za maumivu huenda kinyume: 100 ni maumivu makali, ilhali kwingine kote 100 ni heri. Mtakwimu wetu nilimkumbusha hilo mpaka akanichoka.

Ili kujua kama dodoso ni thabiti, mtu hulijaza mara mbili, na katikati mkono wake usiwe umebadilika. Sasa kliniki ambayo kila mtu anatibiwa, utampata wapi huyo? Aliyechomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, leo, baada ya wiki mbili si yule. Tukawaendea waliokuwa wakisubiri upasuaji, wakiwemo wenye ugonjwa wa Dupuytren, ambao vidole hujikunja kiganjani polepole kwa miaka. Ila wengi wao hawaumwi, kwa hiyo kipengele cha maumivu kilibebwa na wenye dole gumba lililosagika kiungo na wenye neva iliyobanwa. Mara ya pili tuliwauliza pia kama mkono umebadilika; aliyesema ndiyo, tulimtoa kwenye hesabu.

Kisha tukalilinganisha na dodoso jingine, DASH, lenye maswali 30. Sikutarajia yafanane kabisa, maana DASH huuliza mkono mzima kuanzia begani bila kutenga kulia na kushoto, wala haligusi mwonekano. Kwa wagonjwa wa Dupuytren hilo naliona pengo kubwa: wapo wanaokwepa kupeana mikono kwa sababu ya kidole kilichopinda, wala hawakuniambia mpaka karatasi ilipowauliza.