Herufi w iliyokuwa inaliwa

Ilikuwa 2019, nina kama miezi minane tangu nihamie Vim, programu ya kuandikia maandishi na kodi za kompyuta, na mtu aliyehamia Vim juzi mnamjua alivyo, hashikiki. Plagini (vile viprogramu vya kuongezea) 27, rangi nimebadilisha mara nne, faili yangu ya mipangilio, .vimrc, imefika mistari 300 na nusu yake nilikopi kwa watu nisiowajua nikapesti bila hata kusoma. Ikifunguka bila kosa jekundu, basi ni nzuri, twende.

Miezi yote hiyo nilikuwa naandika kodi tu na mambo yalikuwa shwari. Balaa lilianza siku niliyopewa kazi ya kuandika maelezo ya programu yetu kwa Kiswahili. Naandika "orodha ya watumiaji wote", nikiinua macho kwenye skrini nakuta "orodha yatumiaji", afu chini yake mstari mpya una "te" peke yake imekaa kama yatima. Nikafuta. Nikaandika upya polepole, kidole kimoja kimoja, ikakaa sawa. Nikaongeza kasi, ikaharibika tena. Na nikibonyeza spesi nikatulia, kile kimstari kinachopepesa kinaganda hapohapo kama sekunde moja hivi ndo kinasogea, na pale chini kabisa Vim inaniambia faili imeshaandikwa kwenye diski, wakati mimi sijasevu chochote!

Inasevu yenyewe? Aha. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimeweka plagini ya kusevu faili yenyewe kila baada ya muda, kwa hiyo kesi nikaona imekwisha. Usiku ule nikamwandikia mwenye plagini barua pepe, na sikuiandika kwa upole, nikamwambia plagini yake inakula maneno ya watu, nikamuwekea na mfano wangu wa watumiaji wote, nikauliza kama huwa anajaribu vitu vyake kabla ya kuwapa watu. Mtu anayetengeneza kitu bure, wakati wake mwenyewe. Nikatuma nikalala.

Asubuhi nikamwendea dada mmoja pale kazini, mkubwa wangu kiumri na kikazi, Vim kaanza kuitumia mimi bado sijajua hata kompyuta inawashwaje. Faili yake ya vimrc ilikuwa na mistari 40 tu, nilishawahi kumcheka kimoyomoyo.

"Dada, shikamoo. Naomba unisaidie, kuna plagini inanisumbua."

"Marahaba. Uliizima ukajaribu bila hiyo?"

Nikakaa kimya.

"Haya, andika vim --clean, tuone."

Hiyo inaifungua Vim tupu, bila vimrc yako, bila plagini zako. Ikafunguka, na pale katikati nikakuta ule ujumbe wa kuombea msaada watoto maskini wa Uganda, ambao sikuwa nimeuona miezi kadhaa kwa sababu plagini fulani ilikuwa imeuziba na mchoro wa ng'ombe. (Aliyeuweka ni Bram Moolenaar, mwenyewe aliyeitengeneza Vim, alikwenda kujitolea Kibaale miaka ya tisini na hakuwasahau mpaka alipofariki Agosti 2023.) Nikaandika sentensi yangu kwa kasi zote. Watumiaji wote wakatokea, wazima.

"Sasa rudi kwenye ya kwako, zima hiyo unayoishuku."

Nikaizima. "Yatumiaji." Te. Nilihisi masikio yanapata moto, nikaikumbuka ile barua pepe.

Akaniambia nifungue vimrc, niende katikati, mstari wa 150, niandike neno finish. Vim ikilifikia hilo neno inaacha kusoma, yote yaliyo chini yake ni kama hayapo. Nikafunga nikafungua, tatizo hakuna. Kwa hiyo liko nusu ya chini. Nikalisogeza finish mpaka 225, tatizo likarudi, maana yake liko kati ya 150 na 225. Mara mbili tu na mistari 225 imeshatoka kwenye kesi, mimi usiku mzima nilikuwa nabahatisha.

Nikawa nataka kugawa tena akanizuia. "Sasa andika :verbose imap <Space>."

Vim ikajibu kwamba kuna njia ya mkato inayoanza na spesi ikifuatiwa na w, kazi yake ni kutoka kwenye modi ya kuandika na kusevu, na imewekwa kwenye ~/.vimrc mstari wa 212.

"Dada, si ungeniambia hii tangu mwanzo?"

"Nilitaka nione kama unaijua faili yako, mdogo wangu."

Tukaenda 212. inoremap <leader>w <Esc>:w<CR>, na leader yangu, yaani kitufe cha kuanzia njia za mkato, nilikuwa nimeiweka spesi. Ile i ya mwanzo ndo inasema ifanye kazi wakati unaandika, ilitakiwa iwe n. Kwa hiyo kila nikibonyeza spesi Vim inasubiri hadi milisekunde 1000 ione kama w inakuja, ikija inatoka kwenye modi ya kuandika, ambako nje yake herufi ni amri, inasevu, halafu ile a ya "watumiaji" inaichukulia kama amri ya kuendelea kuandika, na o ya "wote" kama amri ya kufungua mstari mpya. Kwenye kodi ni mara chache sana kuchapa spesi halafu w, lakini Kiswahili bila wa utaandika nini!

Nikataka kusema huo mstari nao nilikopi kwa mtu. Ila juu yake kulikuwa na maelezo, kwa Kiswahili: "kusevu haraka haraka". Ni mimi. Nilibadilisha n ikawa i kwa mkono wangu nikasahau kabisa. Dada alisoma, akakohoa kidogo, akarudi kwenye meza yake.

Nikamwandikia mwenye plagini kumuomba radhi. Alijibu siku hiyohiyo, akasema hamna shida, ila naye alikuwa na swali moja: "watumiaji" maana yake nini, kwa sababu alikuwa amelichapa hilo neno jioni nzima.