Nilivyoielewa Hôtel de Sully kwa kuwafuata wenye nyumba

Wengi wanaoshuka mtaa wa Saint-Antoine kuelekea Bastille hulipita lango la namba 62 bila kugeuza shingo. Nyuma yake kuna Hôtel de Sully, jumba ninalolipenda kuliko yote ya Paris (hôtel hapa ni jumba la tajiri, si hoteli ya wageni). Kulielewa kulinichukua muda, kwa sababu vijitabu vya wageni huanza na mapambo: sanamu hii, dirisha lile, mtindo wa enzi fulani. Unasoma, unatazama, unatoka hujui kitu.

Aliyenifungulia njia ni mama mdogo, alipokuja kunitembelea kutoka Tanga. Nilikuwa nimeshaanza kumwonyesha sanamu za ukutani, akanikatiza: “Mwanangu, hayo tutayaona. Kwanza niambie, nyumba ya nani hii?” Nikaanza upya, safari hii na mwenye nyumba. Hata leo, mgeni yeyote ninayempeleka pale namwelezea hivyo.

Mwenyewe wa kwanza ni Mesme Gallet, ofisa wa fedha za mfalme, aliyeanza ujenzi mwaka 1624. Enzi hizo vyeo vya serikali viliuzwa, na aliyeshika cheo cha fedha aliweza kutajirika haraka. Watu wa namna hiyo walipenda Marais, eneo la Paris lilipo jumba hili, hasa karibu na Place Royale, uwanja ulioanzishwa na Mfalme Henri IV mwaka 1605 ambao sasa unaitwa Place des Vosges. Gallet hakudumu na nyumba yake. Mwaka 1634 ilinunuliwa na Maximilien de Béthune, Duke wa Sully (cheo cha juu cha kikabaila), mzee wa zaidi ya miaka 70. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa hazina ya Henri IV, akaondoka madarakani mwaka 1611, mfalme wake akiwa ameuawa mwaka uliotangulia. Jambo hili hunigusa kila ninapolisimulia: uzeeni alinunua nyumba ambayo bustani yake inapakana na uwanja wa bwana wake.

Ukishajua nani aliishi humo, mpangilio unajieleza. Mtaani kuna majengo mawili yaliyolibana lango la magari ya farasi. Kisha ua wa mawe, kisha jengo kuu, kisha bustani, na mwisho kabisa jengo la kuhifadhia michungwa wakati wa baridi. Kelele na vumbi vya mtaani havimfikii mwenye nyumba. Mgeni anavuka ua mzima huku akitazamwa kutoka madirishani, na bustani wanabaki nayo wenyewe. Nyumba za mawe za Lamu zina hesabu kama hiyo: mgeni wa kawaida huishia dakani, na undani ni wa wenyewe.

Hapo ndipo sanamu nazo zinapoeleweka. Kwenye majengo ya pembeni mwa ua zimechongwa hewa, moto, ardhi na maji. Kwenye jengo kuu, upande wa ua, kuna vuli na kipupwe. Mama mdogo akauliza majira mengine mawili yako wapi, na kabla sijajibu alikuwa ameshavuka kwenda bustanini kuyatafuta. Yako huko, upande wa familia.

Ukoo wa Sully ulikaa na jumba hadi karne ya 18. Januari 1726 mwandishi Voltaire alikuwa mezani kwa Duke wa Sully wa wakati huo alipoitwa nje, akapigwa na watumishi wa mheshimiwa mmoja wa ukoo wa Rohan aliyekuwa amekosana naye. Mwenyeji wake hakumtetea. Kilichofuata kwa Voltaire ni gereza la Bastille, kisha Uingereza.

Baadaye jumba liligeuzwa maduka, karakana na vyumba vya kupangisha, na nafasi iliyo juu ya lango ikajengwa. Wengi huandika kipindi hiki kama aibu. Mimi sikubaliani nao: nyumba inayokaliwa ina mtu wa kuziba paa linapovuja. Iliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria mwaka 1862, serikali ikainunua mwaka 1944, na katika ukarabati uliofuata ujenzi wa juu ya lango ukabomolewa. Leo ni makao ya taasisi ya taifa inayosimamia makumbusho ya aina hii.

Kuhakikisha tarehe, nilianza na kanzidata ya Wizara ya Utamaduni ya Ufaransa, ambayo iko wazi mtandaoni. Anayetaka kuzama zaidi, mikataba ya mawakili wa zamani wa Paris imehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, humo humo Marais, ila mwandiko wa karne ya 17 unataka mazoezi.

Ukienda, ingia kwa lango la Saint-Antoine, si kwa kile kimlango cha Place des Vosges. Ukipitia huko utaanzia bustanini, na majira ya joto utayaona kabla ya kipupwe.