Mkopo wa chuo unaanza na cheti cha kuzaliwa

Watu wakiongelea watoto wa maskini kukosa chuo huwa wanaanza na ada, mi naona wanarukia mbali. Nina steshenari huku wilayani, na kila Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu ya Tanzania ikifungua dirisha la maombi, kuanzia mwezi wa sita hivi, vijana waliomaliza form six wanajaa hapa niwajazie maombi kwenye OLAMS, ule mfumo wa Bodi wa mtandaoni, niprinti, niskani. Na kwa ninavyoona kutokea hapa kaunta, wengi wanaachwa kwenye makaratasi hata ada ya chuo hawajaiona inafananaje.

Bodi ilianzishwa kwa sheria ya 2004 ikaanza kazi 2005, na kazi yake ni hiyohiyo, kumsaidia asiye na uwezo. Sawa. Sasa hesabu na mimi: ada ya maombi 30,000, cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, upewe namba, kama mzazi amefariki na cheti cha kifo nacho hivyohivyo, mdhamini awe na kitambulisho na pasipoti saizi, fomu ikitoka kwenye printa ikapigwe muhuri serikali ya mtaa au kijiji, ikaenda kwa wakili au hakimu, ndo irudi kwangu niskani niipandishe. Mwenye baba mfanyakazi pale mjini anamaliza yote kabla ya chakula cha mchana. Anayetoka kijijini kila kituo ni nauli, na akikuta mhusika kasafiri anarudi nyumbani anaanza upya kutafuta nauli nyingine.

Ila kwenye cheti cha kuzaliwa ndo nataka nikae kidogo. RITA walianza mpango mzuri tu wa kusajili watoto chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bure, ulianzia Mbeya 2013. Sasa piga hesabu, wanaomaliza form six miaka hii wengi wamezaliwa 2005, 2006, 2007, yaani mpango unaanza wao walishavuka mitano. Hiki ni kizazi kilichorukwa. Hawa wanasajiliwa ukubwani, na ukubwani unatafuta ushahidi, kadi ya kliniki (nani anayo??), cheti cha shule ya msingi, kiapo, na yote hayo ni hela na muda wakati dirisha lenyewe linahesabu siku.

Halafu kuna wale wa baba aliyeondoka. Baba akifariki kuna cheti cha kifo, mfumo unaelewa huyu ni yatima. Baba aliyekwenda machimboni mtoto yuko la pili na hajaonekana tena, huyo hana karatasi yoyote, kwenye fomu bado ni mzazi hai. Mtoto kalelewa na bibi anayeuza mboga ila kwa maandishi ana wazazi wawili. Hapo huwa nakosa hata cha kumwambia, namwambia tu nenda kwa mwenyekiti akuandikie barua, tujaribu.

Na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, je. Tangu 2013 wanaomaliza form six wanaitwa kwenye mafunzo kwa mujibu wa sheria, na kambi inaangukia miezi ileile ya maombi. So anayekuja kwangu ni mama yake na karatasi imekunjwa mara nne. "Mwanangu nisaidie, kaniachia hii, akasema wewe utajua." Mama nenosiri liko wapi? Namba ya mtihani wa form four? Hajui, na hana kosa, shule hajawahi kukaa. Tunasubiri mtoto aazime simu atupigie, siku nyingine anapiga, siku nyingine wapi.

Elimu bila ada ilianza 2016 mpaka form four, 2022 ikafika form six, maana yake watoto wa familia za chini kabisa wanafika mpaka huku kwa wingi, ndo maana naona hili jambo linakua badala ya kupungua. Mitandaoni kelele zote ni za boom, ile hela ya kujikimu ya mwenye mkopo, 10,000 kwa siku haitoshi, kweli haitoshi sikatai, ila anayelalamikia boom tayari yuko ndani, hawa wangu hawana hata pa kulalamikia.

Mi ningekuwa na sauti ningesema vitu viwili tu. Kwanza, watoto wa kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wasiguswe na hiyo 30,000 kabisa, serikali yenyewe ishawapima ikaona hawana, tunawapima mara ngapi? Pili, hii kazi ihamie shuleni, form five. Mwalimu anakaa na darasa, nani hana cheti, nani baba hajulikani alipo, na afisa wa RITA anakuja shuleni siku moja anamaliza. Sisi wa steshenari tutapoteza hela kidogo, potelea mbali, bado tutatoa kopi za mitihani.

Kwa sasa kama una mdogo wako yuko form five, mwambie atoe cheti akilinganishe na jina alilosajiliwa NECTA, baraza la mitihani, herufi kwa herufi. Ashura wa kwenye cheti akiwa Hashura kwenye matokeo hapo kuna kiapo cha majina, na foleni ya wakili mwezi wa nane usiiombee.