Prosesa inakimbia, memori imelala

Jamani wiki nzima nimeshinda hapa Kampala na kabodi kadogo ka kompyuta kenye prosesa ya ARM, najijengea kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux mwenyewe, na kuna kitu kimenisumbua mpaka usingizi ukapotea. Prosesa ilikuwa inapanda vizuri hadi frikwensi (kasi) ya juu kabisa lakini kazi haiishi, video inakwamakwama, betri nayo inaisha, kumbe memori imeachwa kwenye kasi ya chini, yani prosesa inakaa tu kusubiri data, sawa na kupanda boda yenye injini kali halafu uko kwenye foleni ya Jinja Road saa kumi na moja jioni.

Prosesa na memori zinaendeshwa na sehemu tofauti za kerneli. cpufreq inashika kasi ya prosesa, na tangu Linux 4.7 ya 2016 ndani yake kuna schedutil inayoamua kasi kwa kusikiliza moja kwa moja skejula, yani kile kinachopanga zamu za kazi kwenye prosesa. Upande wa memori kuna devfreq inayopandisha na kushusha kasi, na interconnect inayopokea maombi ya bendiwidhi (data kiasi gani inapita kwa sekunde), hii ya pili iliingia na 5.1 mwaka 2019. Pande hizi mbili zisipoongea umeumia. Mimi nilienda kwenye devicetree (faili linaloielezea kerneli vifaa vya bodi), kila hatua ya frikwensi ya prosesa kwenye jedwali la OPP (orodha ya kasi na volteji zake) nikaiandikia opp-peak-kBps yake, yani bendiwidhi ya juu inayohitaji, sasa prosesa ikipanda inaomba na bendiwidhi hapohapo.

Ila usiifunge memori juu muda wote tafadhali! Volteji ikiongezeka maradufu nguvu inayoliwa inafika mara nne, hata kabla hujahesabu frikwensi, na huko vijijini watu wanachaji simu kwa sola.