Daftari la 2020

Nimetoka zamu JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, sasa hivi. Niko kwenye matatu, foleni ya Mombasa Road haisongi, na moyo wangu haujatulia.

Leo tulikuwa tunapanga kabati la ofisi. Mama msimamizi wetu akatoa daftari lake la 2020, akaniambia, "Soma, mwanangu."

Mnaukumbuka mwaka ule wa korona? Machi 25 ndege za abiria za kimataifa zilisimama Kenya, hadi Agosti 1.

Abiria hakuna, na ada zao hakuna. Lakini ndege za mizigo bado zinapaa na maua yetu, kwa hiyo njia ya kurukia itunzwe, taa ziwake, zimamoto wakae tayari. Pesa zitoke wapi?

Daftari limejaa maelezo ya mikutano ya mtandaoni ya ACI, baraza la viwanja vya ndege duniani, lenye makao yake Montreal. Nafasi kati ya watu kwenye foleni. Trei za ukaguzi zisafishwe vipi. Julai ACI wakaanza kuvipa viwanja ithibati ya hatua zao za afya. Wakazisihi serikali zisiviache viwanja vizame.

Kisha nikaona pembeni, kwa penseli:

"Nikumbuke kuuliza: na vijana wa vitoroli?"

Jamani, mimi nilikuwa kijana wa vitoroli vya mizigo. Aprili nilirudi nyumbani bila kazi, nikidhani hakuna anayenikumbuka.

Nimeushika ukurasa ule muda mrefu. Mama akanyamaza tu.

Mliokuwa uwanjani mwaka ule, wewe nani alikuulizia? Niandikieni hapa.