Karani wa Hesabu na Penseli za Rangi

Juni ni mwezi mzito kwa mtu yeyote anayeshika vitabu vya hesabu hapa Zanzibar, kwa sababu mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 na kila shilingi lazima ijulikane ilikotoka na ilikokwenda. Nimefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na miaka yote nilikuwa nikiuvuka mwezi huo kama watu wanavyouvuka mkondo wa Nungwi, kwa kushikilia ubao na kunyamaza. Mwaka 2022 mambo yalikwenda kombo. Vitabu vilifungwa salama, wakubwa wakaridhika, lakini mwili wangu haukupata habari kwamba kazi imekwisha. Nilianza kuamka saa nane za usiku moyo ukinienda mbio, nikijumlisha na kutoa tarakimu ambazo hazikuwa za mtu yeyote, na nikifika kwenye jibu naanza upya.

Daktari alinipima presha na sukari, akaupima na moyo kwa mashine, kisha akaniambia kuwa haoni maradhi ila uchovu na wasiwasi. Alinishauri niache kahawa baada ya alasiri, nitembee kila siku, na nitafute kazi ya mikono isiyokuwa na tarehe ya mwisho. Kahawa niliiacha kwa shida. Kutembea nilitembea, mpaka wauzaji wa pweza wa Forodhani wakanijua kwa sura kuwa ni yule asiyenunua. Kazi ya mikono ndiyo iliyonishinda, kwani sisi tunakaa ghorofa ya tano katika majumba ya Michenzani, ambako hakuna bustani ya kulima wala ua wa kupigia randa, na mimi tangu skuli nilikuwa mtu ambaye akichora mbuzi, wenzake huuliza kama ni meza.

Mpwa wangu, ambaye anafanya kazi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, alikuja siku ya Ijumaa na kitabu cha kutia rangi kilichoachwa chumbani na mgeni, pamoja na boksi la penseli 24, ili tumpe mtoto yeyote wa jirani. Nilikifungua kwa udadisi tu. Hakikuwa cha watoto. Kila ukurasa ulijaa majani, maua na ndege waliochorwa kwa mistari myembamba iliyosongamana, kiasi kwamba mtoto wa miaka mitano angelia. Usiku ule nilipoamka saa nane kama kawaida, badala ya kukaa kitandani nikimsumbua mke wangu, nilikwenda sebuleni, nikajitilia chai ya maziwa na kuchukua penseli ya chanikiwiti.

Nilianza na jani moja. Lilikuwa na uti wa katikati na vijishipa saba kila upande, na baina ya kijishipa na kijishipa kulikuwa na nafasi isiyozidi upana wa punje ya mchele. Penseli ilikuwa butu, kwa hiyo ikavuka mstari mara ya kwanza. Nikaichonga kwa wembe, nikarudi, nikaikamata karibu zaidi na ncha. Nafasi ya kwanza niliikandamiza mno ikatoka nzito. Ya pili nikaipitia kwa mkono mwepesi, nikaona kuwa zikikaa pamoja, nzito na nyepesi, jani linaonekana limepinda kidogo kana kwamba upepo umelipitia. Basi nikaziendeleza hivyo hivyo, nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Nilipoinua kichwa chai ilikuwa imeganda utando juu, na nikagundua kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimejumlisha kitu chochote. Nilirudi kitandani nikalala mpaka adhana ya Alfajiri.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka risiti, sikuridhika na jambo hilo mpaka nijue kama limewahi kumtokea mwengine. Nilisoma kwamba vitabu vya namna ile vilienea sana Ulaya na Marekani kufikia mwaka 2015, miaka miwili baada ya mchoraji wa Uskoti, Johanna Basford, kutoa cha kwake cha kwanza. Jambo lililonigusa zaidi lakini lilikuwa utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2005 na Nancy Curry na Tim Kasser. Waliwachukua wanafunzi 84, wakawatia wasiwasi kwanza kwa kuwataka waandike kuhusu jambo lililowahi kuwatisha, halafu wakawapa dakika 20 za kutia rangi. Baadhi walipewa duara lenye nakshi za kujirudia, wengine mchoro wa miraba iliyopishana kama kitambaa cha drafti, na wengine karatasi tupu wafanye watakalo. Wasiwasi ulipungua zaidi kwa wale waliokuwa na nakshi na wale wa miraba. Waliopewa karatasi tupu hawakupata nafuu kama hiyo.

Niliposoma habari ya karatasi tupu nilicheka peke yangu, maana ndiyo hali yangu hasa. Ukinipa karatasi nyeupe na kuniambia nichore, umeniongezea deni. Nitajiuliza nichore nini, kitafanana na nini, nani atakiona. Mchoro uliokwisha kuchorwa huwa umeyajibu maswali yote makubwa, nao hukubakishia yale madogo tu, kwamba hapa iwe kijani au samawati, na mstari ule unaishia wapi. Maswali madogo ya namna hiyo yanatosha kuishughulisha akili isiende kutafuta hesabu za usiku, na wala si mazito kiasi cha kuichosha. Sisemi kuwa hii ni tiba, na mtu ambaye huzuni yake imemzuia kula au kufanya kazi asikae nyumbani na penseli bali aende kwa wenye ujuzi. Mimi nazungumzia wasiwasi wa kawaida wa mtu mzima mwenye majukumu.

Siri haikudumu. Kijana wangu aliisimulia barazani, na jioni iliyofuata, kikombe cha kahawa kilipokuwa kikizunguka bila kunifikia, mzee mmoja aliniambia kwa upole mkubwa kwamba mwakani wataniandikisha skuli ya maandalizi, ila nijitahidi kuja na uji wangu. Nilicheka pamoja nao, lakini kwa wiki nzima sikulifungua boksi la penseli, na usingizi ukapaa tena.

Aliyenitoa hapo ni shangazi yangu, ambaye ameshona kofia za viua tangu alipokuwa msichana. Nilikwenda kumuamkia Jumapili, nikamkuta kibarazani na kitambaa cheupe mapajani, akizungusha uzi kwenye tundu dogo kabisa, tundu baada ya tundu, huku akinisikiliza. Nilimueleza kwa aibu. Hakuinua macho. "Mwanangu," aliniuliza, "kofia zote hizi nilizoshona, umewahi kuniona nachora mimi?" Nikasema sijawahi. "Anachora fundi kwa penseli, mimi nafuata mstari wake kwa sindano. Miezi miwili, mitatu, kofia moja. Nani aliniita mtoto?" Kisha akaongeza, kama jambo lisilo na uzito, kwamba mwaka aliofiwa na mumewe ndio mwaka alioshona kofia nyingi kuliko miaka yote ya maisha yake.

Nilirudi Michenzani nikiwa nimeona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Mkono unaofuata mstari kwa saa nyingi si mambo ya wageni wa hotelini. Wanawake wa Pemba wanaosuka ukili uliotiwa rangi kwa ajili ya mikeka wanaujua, na apakaye hina mguuni mwa biharusi usiku kucha anaujua pia. Mimi niliyezaliwa na vidole vya mbao nilihitaji tu mlango mwepesi zaidi wa kuingilia, na mlango wenyewe ukawa penseli.

Tangu hapo nimejifunza mengi kwa kukosea. Kalamu za wino mzito zinapenya karatasi za kawaida na kuharibu ukurasa wa nyuma, kwa hiyo mchoro uliopigwa pande zote mbili unataka penseli. Wakati wa masika hewa yetu hulainisha karatasi mpaka penseli iliyochongoka inaichana, na dawa yake ni kuziweka kurasa chini ya godoro siku moja kabla. Anza na rangi nyepesi, uipandishie ile nzito juu yake, kwa sababu kinyume chake hakirekebishiki. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikaendelea kwa mwanga wa kandili, na manjano niliyoitia kwenye petali haikuonekana kabisa, kwa kuwa karatasi yenyewe ilionekana ya manjano chini ya taa ile. Nikaipitia mara ya pili, mara ya tatu, bado. Asubuhi niliamka nikakuta alizeti limewaka kama moto wa makuti.

Na majina ya rangi! Kwa miaka nilikuwa nikitaja sita au saba tu. Sasa najua kuwa damu ya mzee siyo nyekundu iliyozidi, na kwamba kuna kahawia inayokaribia maji ya kunde na nyingine inayokaribia karafuu iliyokauka, na ukizikosea hizo mbili uso wa ndege unakuwa kama umeungua. Nikitembea Mji Mkongwe siku hizi nachelewa kufika niendako.

Milango ndiyo iliyonichelewesha zaidi. Kitabu cha mgeni kilipokwisha nilichoka na mawaridi yasiyoota hapa, nikaanza kuipiga picha milango ya zamani kwa simu, nikaenda kwenye duka la vifaa vya kuandikia karibu na Darajani wanitolee kwa karatasi kubwa, kisha nikaibandika picha kwenye kioo cha dirisha na karatasi nyeupe juu yake, nikafuatisha mistari kwa penseli dhidi ya mwanga wa jua. Huko ndiko nilikouona mnyororo unaozunguka fremu, magamba ya samaki, yungiyungi na mtende, na mfaa uliosimama katikati ya mbao mbili ukiwa umechongwa mpaka chini, mahali ambapo nilikuwa nikipita tangu utotoni bila kuuangalia. Ubao ule ni wa rangi moja tu, lakini mimi niliutia samawati na bizari, na hakuna aliyenizuia. Baada ya miezi kadhaa nilianza kuhamisha vipande: ua la mlango huu nikaliweka ndani ya pindo la khanga ya mke wangu, mnyororo nikaukunja uwe duara. Nadhani hapo ndipo kutia rangi kulipogeuka kuwa kuchora, ingawa siwezi kuonyesha siku yenyewe.

Mwaka jana nilijipa moyo nikamchorea shangazi nakshi ya ukanda wa kofia, yungiyungi na mnyororo vikipokezana, nikampelekea nikiwa nimeiviringisha kama cheti. Aliitandaza, akalipenda ua, akavaa miwani. Halafu akachukua utepe wake wa kupimia, akaupitisha juu ya karatasi bila kusema neno, na akauliza ua moja na mnyororo wake ni sentimita ngapi. Nikamwambia tano.

"Na ukanda ni hamsini na sita."

Nikanyamaza.

"Zikishaenea kumi na moja, inabaki sentimita moja. Hapo niweke nini, mwanangu, nusu ya petali?" Aliivua miwani akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Na wewe si ndiye mtu wa hesabu?"

Nilirudi nayo nyumbani. Usiku ule niliipanua nakshi mpaka sentimita saba, ili zienee nane kamili kuzunguka kichwa, na sasa niko kwenye ua la tatu.